Hesabu ya Wanyama Baada ya Kushushwa

Mazungumzo ya leo ni ya wanyama wanaosafirishwa: wanaoletwa katika pwani yetu hii ya Kilwa na Lindi, na wanaopakiwa hapa kwenda kwingine. Nitaanza na farasi. Najua leo unaweza kuzunguka Masoko, Kivinje na Nangurukuru kutwa nzima usimwone farasi hata mmoja. Lakini ulikuwapo wakati ambapo walishushwa hapa shehena kwa shehena, wakafa kwa haraka ya kutisha. Kisa chao kinanigusa kwa sababu miaka tisini baadaye ng'ombe walitendwa jambo lile lile katika pwani hii hii, na safari hiyo walioamuru hawakuwa wageni kutoka ng'ambo. Tulikuwa sisi wenyewe.

Ilikuwa Septemba 1916, Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walikuwa wameishika Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi, na mwezi huohuo wakashusha majeshi Kilwa na Lindi ili kuwawahi Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Rufiji na kusini. Tangu hapo mpaka Wajerumani walipovuka Ruvuma Novemba 1917, nchi hii ya nyuma ya pwani ilikuwa uwanja wa mapigano. Wazee wetu waliyataja majina hayo: Kibata katika milima ya Umatumbi, Narungombe Julai 1917, Mahiwa Oktoba ya mwaka huo, karibu na Nyangao, ambako damu ilimwagika kuliko mahali pengine pote. Na pamoja na askari walikuja farasi, nyumbu na punda. Katika majeshi hayo walikuwamo wapanda farasi kutoka Afrika Kusini na Bara Hindi, na wanyama wao walikuja kwa meli.

Tumfikirie farasi mmoja ndani ya meli hiyo. Farasi ameumbwa kutembea na kula kidogo kidogo karibu mchana kutwa. Tumbo lake la chakula ni dogo, na matumbo yake marefu yanataka maji mengi na majani yasiyokatika. Melini amesimamishwa katika kizimba chembamba kisichomruhusu kugeuka. Anaweza kusinzia wima, maana miguu yake ina namna ya kujifunga, lakini usingizi mzito haupati mpaka alale chini, na chini hapafikiki. Bahari ikichafuka hawezi kutapika kama sisi. Maumbile yake hayamruhusu. Kichefuchefu kikimshika kinabaki humohumo. Akinyimwa maji na kupewa majani makavu, matumbo huziba, akapatwa na msokoto wa tumbo unaoweza kumuua kwa saa chache.

Halafu kuna jambo la kichwa, na hili naomba ulisikilize vizuri maana wengi hawalijui. Farasi hupumua kwa pua tu, hana njia ya mdomo. Vumbi, vijidudu na makamasi yakiingia katika njia ya hewa, huyatoa kwa kuinamisha kichwa chini, kama afanyavyo akila majani, yakatiririka kutoka nje. Mfunge kichwa juu kwa kamba fupi, saa kumi, saa kumi na mbili, siku nzima, na uchafu ule utashuka mapafuni. Huja homa, kikohozi, na maji machafu kifuani. Madaktari wa mifugo wanaujua ugonjwa huu, na wanaujua kwa jina la safari yenyewe, kwa sababu safari ndiyo inayouleta. Inatisha kwamba mara nyingi hauonekani njiani. Farasi anashuka, anatembea, watu wanasema amefika salama. Siku ya pili au ya tatu ndipo anapogoma kula.

Ndivyo walivyoshuka Kilwa. Hapakuwa na gati la kuifikisha meli kubwa nchi kavu. Bandari ya Kilwa Kisiwani ina kina kizuri, manahodha wa zamani walijua hilo kabla ya mtu yeyote, lakini Kivinje maji yakitoka bahari huenda mbali na kuacha tope na mchanga. Mzigo hushushwa matishari, kutoka tishari unavushwa ufukweni. Mnyama aliyechoka, mwenye kiu, aliyepoteza chumvi za mwili kwa jasho la chini ya sitaha, alitakiwa baada ya hapo aingie porini na mpanda farasi mgongoni.

Na porini alikuwa anasubiriwa na mbung'o.

Nchi ya nyuma ya Kilwa na Lindi ni miombo, na miombo ndiyo nyumba ya mbung'o. Si kwamba wakubwa wa jeshi hawakuambiwa. David Bruce alikuwa amegundua kijidudu cha nagana katika damu ya mifugo wagonjwa huko Zululand mwaka 1895, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Narungombe. Ilijulikana kwamba farasi akiumwa na mbung'o wenye nagana, homa humpanda na kushuka, damu hupungua, tumbo na miguu huvimba, akakonda huku bado anakula, kisha akaanguka. Ilijulikana pia kwamba mnyama aliyepumzika na kushiba huvumilia zaidi, na aliyechoshwa huisha haraka. Farasi walipewa arseniki ili wasogee wiki chache mbele. Kuwaponya haikuwa nia. Nia ilikuwa watumike mpaka siku yao, na siku yao ikifika ije shehena nyingine. Katika vita vya Afrika Mashariki kwa jumla, farasi, nyumbu, punda na maksai walikufa kwa makumi ya maelfu, na kusini huku njia za jeshi zilijulikana kwa harufu.

Tuyakumbuke na yaliyofuata. Mnyama alipokwisha, mzigo wake haukubaki chini. Ulipandishwa kichwani mwa mtu. Wapagazi walikusanywa kutoka nchi zote hizi zetu, wengi wao kwa nguvu, na wao pia walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa homa ya mapafu, kwa uchovu. Anayesema habari za ustawi wa wanyama ni mambo ya watu wenye nafasi, hebu aitazame njia ile ya kutoka Kilwa kwenda Liwale. Aliyezoea kumtumia mnyama mpaka afe hakuona tabu kumtumia binadamu vilevile.

Pwani yetu ilikuwa inajua kwa muda mrefu kwamba farasi si mnyama wa hapa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sultani wake kwa ukarimu, kisha akapanda chombo kwenda Dhufari, kusini mwa Oman ya leo. Huko ndiko alikoandika habari za farasi: kwamba farasi wazuri walipakiwa Dhufari kwenda Bara Hindi, na upepo ukiwa mwema safari ilichukua kama mwezi mmoja. Bahari ileile, pepo zilezile za kaskazi na kusi, majahazi yaleyale yaliyoleta tende na vyungu hapa Kilwa. Farasi alipelekwa alikoweza kuishi, au angalau alikodhaniwa ataishi. Marco Polo, aliyepita kusini mwa Bara Hindi miongo kadhaa kabla, alieleza kwamba wafalme wa huko walinunua farasi kwa maelfu kila mwaka kutoka Aden, Hormuz na bandari za Arabuni, na kufikia mwisho wa mwaka walikuwa hai wachache mno. Hakukuwa na wajuzi wa kuwatunza, na wauzaji, alisema, walihakikisha wajuzi hawaendi, ili mwaka ujao biashara iwepo tena.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, msikilizaji wangu. Mfalme wa Bara Hindi alilipia farasi bandarini. Jeshi la 1916 liliandika katika daftari idadi ya farasi walioshuka hai. Hesabu ilifungwa ufukweni. Kilichotokea wiki ya pili na ya tatu kiliitwa ugonjwa, au hali ya hewa, au bahati mbaya, na hakikuwekwa katika deni la safari. Mimi nasema ni deni la safari. Mnyama anayekufa siku ya kumi kwa sababu ya alivyosafirishwa amekufa safarini, hata kama amefia zizini.

Sasa twende 2006.

Mwaka huo serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, wilayani Mbarali. Sababu iliyotolewa ni maji: Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi, na mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotegemea mto ule yalikuwa yameshuka, nchi ikakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Kama mifugo ndiyo iliyoukausha mto au mashamba ya mpunga yalikuwa na sehemu kubwa zaidi, huo ni mjadala mrefu na leo siufungui. Wafugaji, Wasukuma, Wataturu, Wamaasai na wengine, waliambiwa waende. Mahali palipotajwa ni Lindi na Pwani: Kilwa, Liwale, Nachingwea, Lindi Vijijini, Rufiji.

Fungua ramani. Kutoka Mbarali kupitia Iringa, Morogoro, Dar es Salaam mpaka Kilwa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Barabara ya Kilwa wakati ule haikuwa hii. Daraja la Mkapa lilikuwa tayari, lilifunguliwa 2003, lakini kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha magari yalikwama, na wasafiri wa enzi hizo wanakumbuka walivyolala humo. Katika hali hiyo walipita ng'ombe, ndama, mbuzi na kondoo, wengine malorini, wengine kwa miguu kwa vipande virefu. Wengi wa wenye mifugo walijilipia malori wenyewe, na aliyelipia lori kwa fedha ya kuuza nusu ya kundi hulijaza mpaka nafasi ya mkono haipo. Simlaumu. Amri ilikuwa na tarehe. Maji na malisho njiani hayakuwa na tarehe wala mahali.

Ng'ombe naye ana maumbile yake. Hapendi kulala gari likienda, anataka kusimama, miguu imetawanyika, mwili umekingama na gari au umefuata urefu wake. Akipata nafasi hujishikilia vizuri. Asipoipata, breki moja ya ghafla humwangusha, na aliyeanguka katikati ya wenzake kumi na tano hana namna ya kuinuka, kwa sababu nafasi aliyoiacha imejazwa. Watamkanyaga bila kutaka. Utingo atamsokota mkia, atamchoma kwa fimbo, atampiga, na yule mnyama hawezi kutii hata akitaka. Na joto: lori likitembea upepo unapita, likisimama juani saa saba za mchana linageuka tanuri. Kwa hiyo vituo virefu visivyo na kivuli ndivyo vinavyoua, si mwendo peke yake. Ng'ombe akikaa siku nzima bila maji na chakula anaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Wale wa Ihefu wengine walifia njiani, na habari zao zilisemwa wakati ule, magazetini na katika ripoti za mashirika ya wafugaji. Mwaka 2007 Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Chande Othman kuchunguza jinsi zoezi lilivyoendeshwa. Lakini tukirudi kwenye daftari langu lilelile la hesabu: waliofika Kilwa na Liwale wakiwa hai walikuwa bado hawajamaliza safari. Walishushwa katika miombo ileile ya 1916. Walikuwa wamekonda, wana kiu, wametoka nyanda za wazi ambako wengi wao hawakuwa wamezoea mbung'o wala kupe wa huku. Majosho yalikuwa machache, malambo hayajachimbwa, bwana mifugo mmoja ana kata kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta. Mnyama mwenye nguvu angeweza kuishi na vijidudu vichache vya nagana damuni kwa muda mrefu, hasa akipata dawa mapema. Aliyechoshwa kwa safari ya siku kadhaa kinga yake imeshuka, na kijidudu ambacho kingesubiri hakisubiri tena. Wafugaji walizika na kuchoma mizoga wakiwa tayari wamehesabiwa kwamba wamehamishwa salama.

Watu wa pwani nao walipokea wageni na mifugo bila kuandaliwa, na magomvi ya mashamba na malisho yaliyofuata, Kilwa na kwingineko, bado tunayaishi. Sehemu ya magomvi hayo ilianza siku ile lori lilipofungua mlango nyuma. Ng'ombe mwenye kiu ya siku mbili hatafuti mpaka wa kijiji, anatafuta maji, na maji yako bondeni, na bondeni kuna mpunga na mihogo ya mtu.

Leo mkondo umegeuka. Mifugo ipo Kilwa, na malori sasa yanapakia huku kwenda minadani na machinjioni, mengi yakielekea Dar es Salaam. Barabara ni lami. Hata hivyo si barabara ya kuiamini kipofu: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, madaraja ya eneo la Somanga yalikatika na magari yakakaa pande zote mbili kwa siku kadhaa. Abiria walipata wa kuwauzia chai na mihogo ya kuchoma. Ni nani katika pwani hii amepangiwa kazi ya kuleta maji kwa lori la ng'ombe likikwama?

Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inagusa usafirishaji wazi kabisa: mnyama asisafirishwe kwa namna ya kumtesa. Kibali cha kusafirisha mifugo kipo, na hakitolewi bila kukaguliwa afya, angalau ndivyo inavyotakiwa. Nao wenye imani ya dini, na Kilwa ni mji wa misikiti tangu karne nyingi, wamefundishwa tangu chuoni habari ya ngamia aliyemlilia Mtume kwamba bwana wake anamlaza njaa na kumchosha kwa kazi, na yule bwana akaulizwa kama hamwogopi Mungu kwa mnyama aliyepewa. Hakuna mwenyeji wa hapa asiyeijua habari hiyo. Tunaijua madrasani, tunaisahau mnadani.

Ndugu yangu dereva, na wewe mwenye ng'ombe, acha niseme yale ambayo wenzako wenye uzoefu wanayafanya tayari. Wape maji mengi kabla ya kupakia. Pakia jua likishuka, usafiri usiku. Jenga tuta la udongo au ngazi pana yenye vishikio, ng'ombe apande kwa miguu yake. Ukimpandisha kwa kumburuta, safari imeanza na jeraha. Mwaga mchanga au pumba sakafuni ili kwato zisiteleze kwenye mkojo. Weka miti ya kukata lori vyumba viwili vitatu. Usichanganye dume wa boma hili na dume wa boma lile. Mwenye mimba ya mwezi wa mwisho abaki, ndama mchanga abaki, mgonjwa abaki. Na ukisimama kula wali wako, simamisha lori kivulini. Ng'ombe aliyefika na kilo zake ana bei. Aliyefika hoi nyama yake hutoka nyeusi na kavu, na wachinjaji wanaijua wakiiona. Lakini hata kama bei isingeshuka hata shilingi, bado ningekuomba hayo hayo, kwa sababu yule mnyama anaumia.

Hata hivyo siwezi kumwachia dereva peke yake. Dereva na utingo ndio wanaoonekana wakishika fimbo, kwa hiyo ndio wanaolaumiwa, kama alivyolaumiwa askari mdogo aliyempiga farasi aliyeanguka njia ya Liwale. Aliyeamua safari iwe siku gani, kwa njia gani, bila kituo cha maji, hayupo barabarani. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mifugo minadani, kichwa kwa kichwa. Kati ya daraja la Mkapa na Lindi mjini naomba iwepo angalau sehemu moja, Nangurukuru ingefaa maana njia zote zinakutana hapo, yenye birika refu la maji, uzio, kivuli, na ngazi ya kushushia. Saruji yake haizidi ushuru wa misimu michache.

Na kibali. Kinaandika idadi ya wanyama, wanakotoka na wanakokwenda. Ninaomba kiongezwe mstari mmoja kwa mifugo inayohamia, ile isiyokwenda kuchinjwa: siku kumi na nne baada ya kushushwa, bwana mifugo wa kule walikofika awahesabu tena, aandike waliopungua, na aliyeamuru safari aitie sahihi hesabu hiyo. Lije jingine la Ihefu, au ukame, au mradi, wakiambiwa watu wahamishe makundi yao kwenda mkoa mwingine, namba itakayotangazwa kwenye redio hii iwe ile ya siku ya kumi na nne.